Mke wa Kwenye Kadi

Mara ya kwanza nilipokutana uso kwa uso na mke wa mume wangu ilikuwa kwenye famasi moja ya Gisimenti, na sote wawili tulikuwa tumefuata dawa ileile ya presha.

Nasema mume wangu kwa sababu ndivyo nilivyomwita miaka yote, na majirani wetu wa Batsinda nao hawakuwa na neno jingine. Mbele ya sheria hakuwa wangu. Nilipomfahamu nilikuwa na mgahawa mdogo hapohapo Gisimenti, nikiuza pilau na chapati nilizojifunza kupika Karagwe, nilikozaliwa na wazazi wakimbizi. Yeye alikuwa mpima ardhi wa serikali, mtu wa viatu vyenye vumbi jekundu, aliyekuja kula wateja wengine wakishaondoka. Alikuwa ameachana na mkewe, ila kuachana kwao kulikuwa kwa kuhama tu. Mke alibaki Kibagabaga kwenye nyumba waliyoijenga pamoja, mume akapanga chumba. Ndoa yao ilifungwa kanisani na mbele ya serikali, na hakuna aliyekwenda mahakamani kuivunja.

"Ya nini kusumbuana," aliniambia. "Kila mtu ana maisha yake."

Nikakubali. Nilikuwa mwanamke wa makamo, nimechoka kulala peke yangu, na alikuwa mtu wa kucheka polepole. Huku kwetu mke aliyefungiwa ndoa ya serikali huitwa mke wa isezerano, yaani mke wa agano. Mimi nilikuwa yule mwingine, ambaye jina lake watu hulitaja akishapita. Kwa miaka mingi hilo halikuniuma. Lilianza kuniuma tulipozeeka, na lilianzia kwenye dawa.

Alipostaafu alibaki na bima yake ya afya, ile ya watumishi wa serikali. Akiandikiwa dawa anaingia famasi, anatoa kadi, bima inabeba sehemu kubwa ya bei na yeye anamalizia kidogo. Bima hiyo inamhusu yeye na mke wake, na mke inayemtambua ni wa isezerano. Mimi nilikuwa na mituweli, bima ya wananchi wote, na siisemi vibaya, maana imeniponya mara nyingi. Nilitibiwa kwenye kituo cha afya kwa fedha ndogo, na dawa nilipewa palepale. Tatizo lilikuwa mwili wangu. Vidonge vya kwanza vya presha vilinikohoza mpaka wateja wakawa hawataki niwakandie unga. Vya pili vilinivimbisha miguu, viatu vikawa haviingii. Mwishowe nikapelekwa kwa daktari mmoja mpole, akaniandikia kidonge kipya chenye dawa mbili ndani yake.

"Hiki kitakufaa, mama," alisema. "Ila mituweli haikilipii. Utakinunua mwenyewe mjini."

Nikaenda famasi. Mbele yangu kwenye foleni alisimama mwanamke mrefu, mkubwa kwangu kwa miaka michache, gauni lake la kitenge limepigwa pasi hadi kwenye mikono. Nilimtambua kwa picha ya harusi niliyoiona zamani kwenye sanduku la mzee wangu. Shingo ilikuwa ileile. Msichana wa famasi akapokea kadi yake, akatazama kompyuta.

"Mwenye bima ni mume wako?"

"Ni yeye."

Msichana akasoma jina kwa sauti, jina lote, la ukoo na la ubatizo. Jina la mtu niliyemwacha nyumbani amevaa kaptula, akinisubiri nirudi na mkate. Yule mama akaitika kwa kichwa bila haraka yoyote, kama mtu aliyeulizwa kama nje kuna mvua. Akalipa sarafu na noti moja ndogo, akapewa boksi la dawa lenye mstari wa bluu.

Zamu yangu ikafika. Msichana akaisoma karatasi ya daktari, akanyoosha mkono kwenye rafu ileile, akashusha boksi lenye mstari wa bluu.

"Una bima gani, mama?"

"Mituweli."

"Hapa mituweli haifanyi kazi. Utalipa bei nzima."

Aliponitajia bei nilimwomba arudie, nikitumaini nimesikia vibaya. Nilikuwa nimesikia vizuri. Nikamwambia anipe nusu ya boksi, na akakata pakiti za vidonge kwa mkasi.

Yule mama alikuwa hajaondoka. Alikuwa akipanga vitu kwenye mkoba wake polepole, kisha akanigeukia. Alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Weye ni ule wa Batsinda," alisema.

"Mimi ndiye."

Akaviangalia vidonge vyangu kwenye kaunta. "Na weye uko na presha?"

"Ninayo."

"Mwambie muzehe aache chumvi. Anaipenda sana chumvi."

Akatoka. Nilikuwa nikimpikia mzee bila chumvi kwa miaka mingapi sijui, na huyu ananifundisha mbele ya watu jinsi ya kumlisha.

Niliporudi nyumbani niliweka mkate mezani na sikuvua hata mtandio.

"Nimemwona mkeo," nilisema.

Alikuwa anasikiliza redio. Akaizima. "Wapi?"

"Famasi. Anakunywa dawa yangu kwa jina lako."

"Ni sheria tu. Mimi sikuamua."

"Msichana wa famasi amekutaja jina lote mbele yangu. Nikasimama pale kama mpita njia."

"Hiyo ni kompyuta."

"Basi kompyuta inajua una mke, na mke huyo si mimi."

Akasugua goti lake bovu. Kisha akasema jambo ambalo bila shaka aliliona la busara. "Naweza kumwomba achukue boksi moja la ziada. Hana roho mbaya."

"Heri nife."

Kinyarwanda kina maneno mawili kwa jambo hili. Kuna ishyari, ambalo ni kuumia kwa sababu mwenzako ana kitu usichokuwa nacho. Na kuna ifuhe, ambalo ni kuumia kwa sababu ya mume au mke. Kiswahili nilichokulia kina husuda na kina wivu, ila watu huyachanganya, na mimi siku hizo niliona wana haki ya kuyachanganya, maana sikuweza kutenganisha. Nilimwonea yule mama wivu kwa ajili ya mume, nikamwonea wivu kwa ajili ya kidonge, na vyote viwili vilikaa mahali pamoja kifuani, hapo hapo daktari alipoweka chombo chake cha kusikilizia moyo.

Nilimfikiria akiamka Kibagabaga, kwenye nyumba yenye vigae, akinywa kidonge chake na chai, bila hofu kwamba dawa itaisha kabla ya mwisho wa mwezi. Siku moja nilimwambia dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, anipitishe kwenye mtaa wake, nikisingizia nina mgonjwa wa kumtazama. Nikaliona geti la kijani, nikaona parachichi zimening'inia juu ya ukuta zikizidi majani. Mti huo, mzee aliupanda mwenyewe, alishanieleza. Dereva akauliza nishuke wapi. Nikamwambia tumekosea njia.

Wakati huo mgahawa nilikuwa nimeshauacha, magoti hayakuruhusu. Sikuwa na pensheni, mwenye kuuza chapati hastaafishwi na mtu. Pensheni ya mzee ilitulisha, ikalipa umeme na maji, na haikuwa na mahali pa kuvutika zaidi. Nikaanza kunywa dawa siku moja na kuruka nyingine. Nilijua si sawa, lakini kila nilipokunywa nilihisi nimekula kitu cha nyumba nzima. Kichwa kikawa kinagonga asubuhi. Mzee aliniona nimeshika ukuta wa jikoni, akaniuliza, nikamwambia ni jua.

Baada ya wiki chache alirudi kutoka kliniki akiwa na uso wa furaha. Akatoa mfukoni kichupa kidogo cha plastiki kilichokuwa cha vidonge vya vitamini, akakiweka mkononi mwangu. Ndani kulikuwa na vidonge kama vyangu, maana naye presha yake sasa ilitibiwa kwa dawa hiyohiyo.

"Daktari ameniongezea," alisema. "Sasa wananiandikia boksi moja na nusu kwa mwezi. Moja inanitosha."

"Kwa nini wakuongezee?"

"Umri, mama. Wazee wanaongezewa."

Sikuuliza zaidi. Nitasema nilivyohisi kwa sababu bila hilo kisa hiki hakieleweki. Sikufurahi kwanza kwa ajili ya afya yangu. Nilifurahi kwamba hatimaye nami nakula kwenye kadi ile. Yule mwenye geti la kijani aliingia kwa mlango wa mbele na jina lake likasomwa, mimi nimeingia kwa uani, lakini nimeingia. Nilivijumlisha na nusu boksi niliyonunua, na kila asubuhi nilikunywa kidonge nikimfikiria yeye, na kilikuwa kitamu. Kichwa kikaacha kugonga. Miguu yangu ikabaki miguu ya kawaida. Kila mwezi mzee alikijaza kichupa, akanikabidhi akiwa amesimama wima kidogo kuliko kawaida yake.

Alianguka asubuhi moja akinyoa ndevu. Nilisikia beseni likianguka, nikamkuta amekaa sakafuni, povu la sabuni shavuni, mdomo umeenda upande. Alitaka kuniambia kitu na maneno yakatoka kama ya mtu mwenye chakula kinywani. Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali, mimi nikiwa nimemshika kichwa kiti cha nyuma, nikimfuta sabuni kwa ncha ya kitenge changu.

Walimpokea haraka na walimhudumia vizuri. Kufikia saa sita daktari alisema ni kiharusi chepesi, atapona kwa sehemu kubwa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ndipo yule mama alipofika. Kuna mtu alimpigia simu, na hadi leo sijui ni nani. Alikuwa amevaa kandambili, ametoka nyumbani vilevile alivyokuwa.

Muuguzi akatoka na karatasi. "Mke wa mgonjwa ni nani?"

Tukasimama wote wawili.

Muuguzi akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akatazama karatasi. Yule mama akanyoosha mkono, akaipokea, akasaini. Mimi nikakaa. Nilikuwa na sabuni ya mzee kwenye nguo yangu, na sikuwa na cha kusaini.

Jioni walituruhusu kuingia. Daktari, kijana mwenye miwani, alikuwa kando ya kitanda akimuuliza mzee maswali kwa upole, akimpa muda wa kupata maneno.

"Mzee, dawa ya presha unakunywa kila siku?"

Mzee akafumba macho. "Moja leo," alisema. "Kesho... naacha."

"Kwa nini? Si una bima nzuri?"

"Ninayo."

"Boksi moja kwa mwezi linakutosha kila siku. Vidonge vinavyobaki vinakwenda wapi?"

Alifumbua macho akanitazama mimi, si kwa lawama, bali kwa haya, kama mtu aliyekutwa akinunua zawadi kabla ya siku yake. Nikaelewa palepale. Hapakuwa na nusu boksi ya ziada. Kile kichupa nilichokuwa nikikipokea kila mwezi kilijazwa kwa siku alizoziruka yeye.

"Alikuwa ananipa mimi," nilimwambia daktari. Sauti yangu niliisikia kana kwamba inatoka upande wa pili wa chumba. "Mimi sikujua."

Daktari aliinamisha kichwa, akaandika. Alisema tu kwamba isirudiwe tena, kwamba safari nyingine haitakuwa nyepesi. Yule mama alikuwa amesimama kwenye miguu ya kitanda. Alimtazama mzee kwa muda mrefu, kisha akatoka.

Nilimkuta kwenye benchi. Nilitegemea maneno makali, na nilikuwa nimeandaa yangu. Lakini alizungumza akitazama ukuta.

"Nilipozaa mtoto wa pili nililala na homa siku nyingi. Yeye alikuwa Nyagatare, anapima mashamba ya watu. Nikamtumia habari. Akasema kazi ikimalizika atarudi."

Akauacha ukuta, akanigeukia.

"Kwangu hakupunguza hata usingizi," alisema. "Kwako kapunguza damu yake."

"Wewe ndiye uliye kwenye kadi," nilimwambia.

"Kadi." Akacheka bila sauti. "Kadi ni kitu alichosahau kunitoa. Weye unanionea wivu kitu cha kusahauliwa. Mimi nimekaa hapa nakuonea wivu vidonge alivyojinyima."

Ningependa kuandika kwamba nilimshika mkono. Sikumshika. Nilihisi utamu, utamu wa mtu aliyeshinda, na chini yake hofu kwa mzee, na chini ya hofu wivu ulikuwa umekaa palepale, haukutikisika. Kwa sababu muuguzi alipotoka tena na maelekezo ya dawa, alimpa yeye.

Mzee alirudi nyumbani baada ya siku chache. Mdomo ulikaa sawa, maneno yakarudi, mkono wa kushoto ukabaki dhaifu. Asubuhi moja tukiwa kwenye ngazi ya mbele, akiota jua, akasema, "Nataka twende mahakamani. Niivunje ile ndoa, nikuandikishe wewe. Nilipaswa kufanya hivyo zamani."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasubiri miaka mingi bila kujua ninayasubiri. Nilimwambia tutafanya, na siku hiyo nilipika pilau.

Sijui alimwambia lini, lakini wiki iliyofuata yule mama alikuja Batsinda. Hakuwa amewahi kukanyaga nyumba yangu. Nilimkaribisha kiti, nikamletea chai, akaishika bila kunywa. Mzee alikuwa ndani amelala.

"Nimesikia habari ya mahakama," alisema. "Mimi sitapinga. Amekaa kwako kuliko alivyokaa kwangu. Neno langu ni moja. Nina presha na nina sukari. Watoto wako mbali, wanatuma wanapopata. Nikitoka kwenye hiyo bima, nitakunywa nini?"

Nilikuwa na jibu, na nililitoa. "Utakunywa nilichokuwa nakunywa mimi."

Alilipokea bila kushtuka. Akaitika kwa kichwa. "Ni haki," alisema, akaweka kikombe chini, akanyanyuka, akajifunga kitenge chake vizuri. Nilimsindikiza hadi barabarani kwa sababu hatufukuzi mgeni. Alitembea akiegemea upande mmoja. Ndipo nikaona kwamba miguu yake imevimba, kwamba zile kandambili za siku ya hospitali hazikuwa za haraka peke yake.

Siku tatu baadaye nilimwambia mzee aache habari ya mahakama.

"Umemwonea huruma?" aliuliza, na macho yake yalijaa.

Nikamwacha aamini hivyo, kwa sababu ilimfurahisha. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekaa nikilifikiria jambo lile kwa akili ya mwenye wivu, ambayo ni akili kali sana. Nilimwona yule mama bila dawa, anaanguka Kibagabaga peke yake. Nilimwona mzee akipata habari. Nilimjua. Angepanda moto na mkono wake mmoja, angekwenda kukaa kando ya kitanda chake, angempelekea uji, angeanza kuruka vidonge kwa ajili yake. Mwanamke mzima mwenye kadi ningeweza kumvumilia. Mwanamke mgonjwa asiye na kadi angenichukulia mume. Heri abaki na bima, abaki na afya, abaki kwake.

Mimi nilirudi kwa yule daktari mpole, nikamweleza yote. Alinisikiliza, hakunigombeza. Akarudi kwenye dawa zinazolipiwa na mituweli, akanipa mbili za kipimo kidogo badala ya moja ya kipimo kikubwa, akabadilisha saa za kunywa. Kikohozi hakikurudi. Miguu huvimba kidogo ikifika jioni, siku za jua kali zaidi, lakini natembea. Mzee anakunywa chake kila asubuhi mbele yangu, na akishameza namwambia afungue kinywa. Anafungua, anatoa na ulimi.

Sasa ni mwaka wa pili. Kila mwezi mzee na yule mama hukutana famasi, maana mkono wa mzee haumruhusu kubeba na kusaini kwa wakati mmoja, na yule mama anajua mambo ya bima kuliko sisi. Mimi huenda nao. Hakuna aliyeniomba niende. Nakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, nasikia jina likisomwa, nasikia yeye akiitika, na kila mara kuna kitu kinachonichoma hapa, hakijawahi kuruka mwezi.

Juzi mzee alipomaliza kusaini, kifungo cha mkono wa shati lake kilikuwa kimefunguka. Yule mama alikiona kabla yangu. Akaushika mkono ule dhaifu, akaanza kukifunga, bila kufikiri, kama alivyofanya labda asubuhi nyingi kabla sijajua kwamba mtu huyu yupo duniani.

Nikanyanyuka kwenye kiti. "Acha," nilisema. "Hicho nafunga mimi."

Akaacha. Mzee alibaki ameunyoosha mkono kati yetu, akitazama rafu za dawa, na msichana wa famasi akajifanya anahesabu chenji. Nikakifunga. Kilikuwa kidogo, na vidole vyangu navyo vimezeeka, ikanichukua muda. Hakuna aliyenisaidia, na hakuna aliyeniharakisha.